Mpaka Lami Inapoanzia

Asubuhi ile Salhiya alikuwa amekaa sakafuni katika chumba cha marehemu mama yake, Malindi ya kisiwani, karibu na bandari ya boti, anapanga nguo za kugaiwa. Arobaini ilikuwa imepita siku mbili nyuma. Wageni wameshaondoka, masufuria ya kuazima yamesharudishwa kwa wenyewe, na nyumba imebaki na harufu ya ubani na upweke wa nyumba iliyokwisha kupikia watu. Tiketi yake ya boti ya kurudi Dar es Salaam ilikuwa ya Ijumaa. Huko alikuwa na duka la dawa, mume, na mapacha wa miaka sita waliompigia simu kila jioni kumuuliza anarudi lini.

Hakuwa na majonzi makubwa, na hilo lilimtia haya. Bi Tabia hakuwa mama wa kukumbatia mtoto. Alimlea kwa hofu zaidi kuliko mapenzi: asikimbie, asirowe na mvua, asiende Chwaka kwao hata kama kuna harusi. Salhiya akila, mama yake humtazama kama mtu aliyenunua kitu kwa bei ya kumfilisi na hana tena pa kukirudisha.

Chini ya kitanda alikuta mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na gauni jipya la manjano la mtoto wa kike wa miaka kumi au kumi na moja, lebo haijakatwa. Akaliweka kwenye fungu la watoto wa majirani.

Hapo simu ya marehemu, aliyoitia chaji ili anakili namba za watu, ikaingiwa na ujumbe. Jina lililoandikwa lilikuwa Ubwa Gari.

"Shikamoo Bi Mkubwa. Kesho Alkhamisi gari ipo tayari kama kawaida, saa mbili asubuhi. Ubani na marashi nshanunua. Usisahau nguo."

Salhiya akapiga.

"Naam, Bi Mkubwa," ikaitika sauti ya mwanamume.

"Siye yeye. Mimi mwanawe, Salhiya. Mama amefariki. Leo siku ya arobaini na mbili."

Akasikia honi za barabarani upande wa pili.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nilikuwa Pemba kwa wakwe zangu, sikupata habari." Kisha, kwa sauti ya chini: "Basi kesho atakwenda nani?"

"Kwenda wapi?"

"Magofuni."

Ubwa alikuwa dereva wa kukodiwa. Kila siku aliwatembeza watalii, akawashusha kwenye majumba ya wafalme yaliyobomoka na misikiti ya kale, akawasubiri wapige picha. "Lakini magofu ya mama yako," alisema, "simpeleki mgeni."

"Basi ndugu yangu, safari imekufa na mwenyewe."

"Bibi, safari hii haivunjwi. Mwaka ule mama yako alipoumia mguu hakuenda. Mwenyewe unayajua yaliyokupata."

Salhiya akataka kumwambia hayajui. Mwaka ule wa plasta ya mama yake, yeye alilazwa Dar es Salaam wiki tatu, kifua kimembana hata maji hayapiti. Madaktari walipiga picha, wakapima damu, wasione kitu. Na huyu mtu hakuwahi kumuona.

"Njoo unichukue," akasema.

Saa mbili kamili gari la kijivu aina ya Noah lilisimama mlangoni. Ubwa alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mfupi, kofia yake ya kiua imenyooka kichwani. Gari lilikuwa safi. Kwenye kiti cha nyuma, upande wa kushoto, alikuwa ametandika shuka nyeupe iliyopigwa pasi. Salhiya, mkononi mfuko wa lile gauni kwa kuwa ujumbe ulisema asisahau nguo, akashika mlango wa nyuma.

"Kaa mbele, bibi. Mama yako alikuwa akikaa mbele."

Wakatoka mjini, wakaupita mtaa wa Amani, wakashika njia ya Dunga. Watoto wa skuli walikuwa wakivuka barabara na mashungi meupe, wanawake wanauza mihogo, jua limechanua vizuri. Ubwa alieleza kidogo kidogo, kama mtu anayetoa miba. Miaka kumi na minne alikuwa akimchukua Bi Tabia. Kabla ya hapo aliyemchukua alikuwa baba yake Ubwa, kwa gari lake la Peugeot.

"Mimi nimerithi kazi na abiria wake," akasema.

"Abiria gani? Si mama peke yake?"

Ubwa akabadilisha gia. "Kwenda, peke yake."

Karibu na Chwaka wakaiacha barabara kubwa, wakafuata njia nyengine ya lami, nyembamba, isiyo na nyumba. Lami ile ilikatika ghafla mbele ya njia ya mawe. Ubwa akasimama pale inapokatika. Akazima redio, akashusha vioo vya nyuma, akasoma dua kwa midomo tu. Kisha akaendelea taratibu, mawe yanagonga chini ya gari. Nusu saa nzima. Vichaka vilikaribiana mpaka vikawa vinakwaruza milango, na Salhiya akagundua kuwa hajasikia ndege hata mmoja.

Magofu yenyewe yalikuwa kuta za mawe ya matumbawe zisizo na paa, tao moja lililosalia zima, na kisima kilichofunikwa kwa bamba la jiwe. Kwenye kizingiti alikaa bibi mmoja mkongwe, anashona ukili wa mkeka. Ubwa akasema kwa kunong'ona kwamba ndiye Bi Ummkulthum, mwangalizi wa pale, na kwamba yeye Ubwa haingii.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umefanana naye."

"Watu husema hivyo. Mama na mimi tulikuwa..."

"Sikusema mama yako."

Akanyanyuka, akamuingiza ndani. Salhiya akasimama palepale.

Magauni. Yalitundikwa kwenye mizizi iliyotoka ukutani, chumba kizima, ya rangi zote. Mapya yaling'aa. Ya zamani yalikuwa yamepauka, na ya zamani zaidi yamebaki nyuzi na vifungo. Yote yalikuwa ya kimo kimoja. Hakuna hata moja lililowahi kuvaliwa.

Salhiya akautazama mfuko mkononi mwake. Gauni la manjano.

"Ulikuwa na dada," Bi Ummkulthum akasema.

"Mardhiya. Alikufa kwa homa, hapo Chwaka. Nilikuwa na miaka minne."

"Kaburi lake umelizuru?"

Hakuwahi kulizuru. Kila alipouliza, mama yake alisema mvua imelifukia, mchanga umelifukia, watu wamejenga juu yake. Mwishowe akaacha kuuliza.

Bi Ummkulthum aliweka ubani kwenye chetezo. Alisema bila kumtazama, na bila huruma, kwa namna ya mtu aliyeyachoka maneno yake mwenyewe. "Wewe ulikuwa unakufa. Kifua. Hospitali walishakurudisha nyumbani. Mama yako akaja hapa kwa miguu kutoka Chwaka, wewe mgongoni, na dada yako nyuma kabeba kapu la sadaka. Alikuja na wawili. Mmoja maiti inayopumua, mmoja mzima anatembea kwa miguu yake."

"Nyamaza, bibi."

"Wenye mahali hapa, wasioonekana, wakasema, huyu tutakupa. Na wewe utatupa nini? Akasema mbuzi. Wakasema hawali mbuzi."

"Nyamaza."

"Hakulaghaiwa mama yako. Aliulizwa mara tatu. Mara tatu alijibu. Na yule mtoto amesimama hapo ulipo wewe, kapu kichwani, anasikia."

Salhiya akasogea upesi, kama aliyekanyaga moto.

Bi Ummkulthum akamaliza yaliyobaki. Kabla ya kuondoka, Bi Tabia alilia, akaomba walau awe anamuona. Akakubaliwa hivi: siku moja kwa mwaka, mtoto atapandishwa chombo, atachukuliwa mpaka lami inapoanzia, hapo ateremke arudi. Asipojiwa, kifua cha yule mwengine kitakumbuka.

"Siku zote hizi alikuwa ananidanganya," Salhiya akasema. Hasira ilikuwa imempanda mpaka masikioni. "Na kama alimtoa yule, angalau mimi angenipenda. Hakunipenda hata mimi!"

"Angekutazama vipi?" mkongwe akauliza. Akalipokea gauni, akalitundika, akanyunyiza marashi. "Nenda garini. Usimsubiri. Njia anaijua."

Ubwa alikuwa amesimama kando ya gari, mlango wa nyuma wa kushoto u wazi. Salhiya akapanda mbele. Ubwa akangoja, kichwa amekiinamisha kwa adabu. Akangoja kidogo zaidi. Kisha akaufunga mlango polepole, kama anavyofungiwa mtu vidole visibanwe.

Gari likaelemea upande wa kushoto. Kidogo tu.

Ilikuja harufu ya maji ya kisima cha zamani. Jua lilikuwa kali na kioo kilichoma, lakini shingo ya Salhiya ilipigwa na ubaridi.

"Mama alikuwa akifanya nini?" alinong'ona.

"Akisema naye," Ubwa akanong'ona pia. "Habari za mtaani. Nani kaolewa. Wewe umefaulu mtihani, umezaa pacha."

"Akijibiwa?"

"Sijapata kusikia akijibiwa."

Mawe yakaanza kugonga chini. Salhiya alitazama mbele.

"Mardhiya," akaita.

"Naam."

Sauti ya mtoto. Ya mtoto aliyefunzwa adabu, anayeitika mara ya kwanza anapoitwa. Ubwa alikanyaga breki, gari likayumba, kisha akaendelea.

"Mama hakuja," sauti ikasema.

"Mama amefariki."

Hakukuwa na kilio. Mawe tu, na matawi yanayokwaruza.

"Hajaniomba radhi," ikasema baadaye. "Kila mwaka namngoja aniombe radhi. Ananipa habari za watu. Ananiletea nguo."

Salhiya akajiziba mdomo kwa shungi.

"Nisamehe," akasema. "Nisamehe mimi kwa niaba yake."

"Wewe ulikuwa mgonjwa. Wewe hukuulizwa."

Mbele, kwenye mwanya wa vichaka, lami ikaonekana. Utepe mweusi, unaometa kwa joto. Ubwa akaanza kupunguza mwendo.

Hapo Salhiya akafikiri jambo rahisi kabisa, la ajabu ni kwamba mama yake hakuwahi kulifikiri, au alilifikiri kila mwaka. Gari linakwenda. Barabara iko wazi. Mji uko mbele.

"Usisimame," akasema.

"Bibi!"

"Usisimame, Ubwa! Twende naye nyumbani. Miaka thelathini na tano anateremshwa njiani kama mzigo. Leo hashuki. Endesha!"

Ubwa akamtazama, akakitazama kioo cha juu, akakikwepa haraka. Labda yeye pia alikuwa na watoto wa kike. Akakanyaga mafuta. Magurudumu yakapanda lami, kelele za mawe zikakatika, na gari likateleza mbele kama limefunguliwa kamba.

Nyuma, mtu alishusha pumzi. Pumzi ndefu.

"Nahisi upepo," sauti ikasema, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na furaha ndani yake.

Salhiya akacheka na kulia pamoja. Akafungua mdomo amwambie kitu. Hewa haikuingia.

Akajaribu tena. Kifua kilikuwa kimefungwa. Aliijua hali ile. Mwili wake uliijua kabla ya akili. Ilikuwa ya hospitali, wiki tatu. Ilikuwa ya zamani zaidi, ya utotoni, mgongoni mwa mtu anayetembea upesi juani. Akashika koo. Minazi ilipita dirishani. Kila hatua ya gari ilikaza kamba moja.

"Bibi, unageuka rangi. Nisimame?"

Akatikisa kichwa. La.

Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuwa vya buluu. Masikio yalivuma. Akawaona wanawe wamekaa kwenye ngazi za nyumba, wamevaa sare za skuli, wanangoja.

"Bibi Salhiya! Nisimame?"

Aliipiga dashibodi kwa kiganja. Alitaka kugeuka nyuma. Alitaka amuone japo mara moja. Hakuweza hata hilo. Giza lilikuwa linaingia kutoka pembeni mwa macho.

"Nakuuliza mara ya mwisho, mimi sitaki kufikisha maiti mjini. Nisimame?"

"Simama," Salhiya akasema. Ilitoka kama kutu. "Mwache ashuke. Nina watoto."

Gari likasimama. Injini ikabaki inanguruma. Hakuna aliyetoka kufungua mlango. Ubwa alikuwa ameganda. Mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe, bila haraka.

"Usilie, Salhiya," sauti ikasema, sasa ikiwa karibu sana na sikio lake. "Na mama naye alilia."

Mlango ukafungwa. Gari likainuka upande wa kushoto.

Hewa ikaingia. Ikaingia yote kwa mara moja, tamu, baridi, inanukia chumvi na majani, na Salhiya akaivuta na kuivuta tena, na kila alipoivuta alijichukia. Asubuhi ile ile alikuwa amemhukumu mama yake kwa jambo hili hili. Hukumu yake ilikuwa imedumu mwendo wa kilomita mbili za lami.

Walipofika Dunga ndipo Ubwa akasema. "Mama yako hakuthubutu hata siku moja kupita pale."

"Bora hakuthubutu."

"Lakini bibi, hatukumrudisha. Mahali pake ni kule lami inapoanzia. Sisi tumemshusha huku, barabarani. Atarudije?"

"Endesha gari," Salhiya akasema.

Ijumaa alipanda boti. Mumewe alimpokea, akasema amekonda, ni msiba. Wanawe walimrukia. Hakumwambia mtu. Usiku alilala vizuri, na hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine yote: pumzi zake zilikuwa nyepesi kuliko zilivyowahi kuwa.

Alkhamisi iliyofuata Ubwa alimtumia picha. Kioo cha mlango wa nyuma, kushoto. Kwa ndani mlikuwa na alama ya kiganja, vidole vitano, nyeupe kama chokaa. Kiganja cha mtoto. Chini aliandika: "Nimeiosha kwa sabuni na ndimu, ikatoka. Nimekwenda pale tulipomshusha, hakuna kitu. Nimekwenda kwa Bi Ummkulthum, anasema huko hakurudi."

Hakujibu.

Alkhamisi ya pili picha nyengine. Alama imerudi mahali palepale. Safari hii Ubwa aliweka mkono wake pembeni, kwa kulinganisha. Kiganja kile kilikuwa kimefika kwenye kiungo cha juu cha vidole vyake.

Salhiya akavuta picha ikawa kubwa. Akaifuta. Akaitafuta tena kwenye zilizofutwa, akairudisha.

Alkhamisi ya tatu vidole vilikuwa vimerefuka. Kilikuwa kiganja cha mwari. Ya nne, kilikuwa cha mwanamke mtu mzima, chembamba, na mistari yake yote inasomeka. Ubwa hakuandika kitu chini yake. Salhiya aliweka kiganja chake mwenyewe mezani, dukani, mbele ya wateja, akakitazama mpaka msaidizi wake akamuuliza kama anaumwa.

Alkhamisi ya tano haikuja picha. Alingoja tangu alfajiri. Saa nne na nusu asubuhi simu ikalia, ujumbe wa sauti. Akaenda stoo nyuma ya duka, akasimama katikati ya makasha ya dawa, akauweka sikioni.

Ubwa alisema polepole, na nyuma yake zilisikika kelele za wachukuzi na makontena.

"Bi Salhiya, assalamu alaykum. Leo kioo ni safi. Nimekiangalia ndani na nje, hakuna alama. Nikasema alhamdulillahi, yamekwisha. Halafu nikaona mlango wa nyuma haukufungwa vizuri, umeachwa wazi kidogo, na mimi nina hakika jana usiku niliufunga." Wachukuzi walikuwa wakipigiana kelele. "Gari nilikuwa nimeiegesha Malindi, bibi. Hapa mbele ya lango la boti."

Salhiya akaitazama saa ya ukutani. Boti ya asubuhi kutoka kisiwani ilikuwa imeshafunga gati, hapa hapa Dar es Salaam.